Homoni ya ukuaji kwa mtu mzima: kipimo kipi cha damu kwa swali lipi?

Daktari ameandika vipimo vitatu kwenye karatasi moja: GH (homoni ya ukuaji yenyewe), IGF-1 (homoni ambayo ini huitengeneza kwa amri yake) na IGFBP-3 (protini inayoibeba IGF-1). Chini yake ameongeza kingine cha kufanyiwa asubuhi kabla hujala kitu, na amekwambia utakaa saa mbili. Mgonjwa anauliza, na ana haki ya kuuliza: kwa nini visifanywe kimoja tu, kile kilicho bora?

Tatizo ni kwamba ubora wa kipimo hapa unategemea swali, na maswali ni matatu. La kwanza: je, homoni ya ukuaji imezidi? Mtu mzima anayezidiwa na homoni hii harefuki tena, maana ncha za mifupa yake zimeshafunga. Kinachotokea ni pete kukwama kwenye kifundo cha kidole, namba ya kiatu kupanda, taya kusogea mbele, meno kuachana, jasho kuzidi na kukoroma kuanza. Hiyo ndiyo akromegali, na chanzo chake karibu kila mara ni uvimbe usio saratani kwenye tezi ya pituitari, chini ya ubongo. La pili: je, homoni imepungua? Hapa dalili hazina alama ya pekee: uchovu, mafuta ya tumboni, misuli kupungua, mifupa kudhoofu. La tatu ni la mtu aliyekwisha kuanza tiba: je, dozi inatosha, au ugonjwa umerudi?

Kipimo kinachojibu la kwanza vizuri kinaweza kuwa hakina msaada wowote kwa la pili. Makosa mengi ninayoyaona kwenye majibu yanaanzia hapo, kabla damu haijachukuliwa.

Vigezo vya kulinganisha

Nimevipanga vipimo kwa mambo manne: swali ambalo kila kimoja kinalijibu, mambo yanayokipotosha, usumbufu na hatari kwa mgonjwa, na mtu kinayemfaa. Bei nimeiacha, kwa sababu inabadilika kila mahali, na kwa sababu kipimo rahisi kisichojibu swali ni hasara kamili.

Kwanza jambo moja la msingi. Pituitari haitoi homoni ya ukuaji kama bomba lililo wazi. Huitoa kwa mafungu, na fungu kubwa kabisa kwa kawaida huja katika usingizi mzito wa mwanzo wa usiku. Ikishaingia kwenye damu, nusu yake hutoweka ndani ya takriban dakika 20. Lakini homoni hiyo huliamuru ini kutengeneza IGF-1, ambayo hutembea ikiwa imebebwa na protini, hudumu kwa saa nyingi na haipandi na kushuka sana kati ya asubuhi na jioni. Fununu ya kwanza ilipatikana mwaka 1957, watafiti Salmon na Daughaday walipoonyesha kwamba homoni ya ukuaji hufanya kazi kwenye gegedu kupitia kitu kingine kilichomo ndani ya damu. Kitu hicho ndicho tunachokipima leo kwa jina la IGF-1.

1. Homoni yenyewe (GH), sampuli moja bila maandalizi

*Swali kinalojibu.* Kwa upungufu, hakijibu kitu. Mtu mwenye afya kamili anaweza kuchomwa sindano katikati ya mafungu mawili na jibu likasoma karibu na sifuri. Kutangaza upungufu kwa sampuli hiyo ni sawa na kupiga hodi mara moja na kuapa kwamba nyumba haina watu. Kwa kuzidi, jibu la juu halithibitishi lolote peke yake, ila jibu la chini sana likiandamana na IGF-1 ya kawaida huiweka akromegali mbali. Kazi yake nzuri zaidi ni baada ya upasuaji wa uvimbe, ambapo kiwango chini ya mikrogramu 1 kwa lita ni habari njema ikiungwa mkono na IGF-1.

*Yanayokipotosha.* Ni mengi mno: mazoezi, njaa, maumivu, wasiwasi, usingizi, sukari isiyodhibitiwa, ugonjwa wa ini au figo, vidonge vya estrojeni (homoni ya kike). Unene huishusha.

*Usumbufu.* Sindano moja.

*Kinamfaa nani.* Aliyefanyiwa upasuaji wa akromegali, na baadhi ya wanaotumia oktreotidi au lanreotidi, dawa za kuipunguza homoni hii. Wengine wote, kikiwa peke yake, kinawachanganya tu.

2. IGF-1

*Swali kinalojibu.* Hiki ndicho kipimo cha kuanzia kwa anayeshukiwa akromegali. Kikirudi cha kawaida kwa umri wake, na hakuna sababu nyingine ya kukishusha, uwezekano wa ugonjwa ni mdogo sana. Kikirudi juu waziwazi na dalili zipo mwilini, kazi kubwa imekwisha. Kwa kufuatilia tiba, ya kuongeza homoni au ya kuipunguza, ndicho tegemeo.

Kwa kugundua upungufu hadithi ni nyingine, na hapa ndipo wengi huteleza. IGF-1 ya kawaida haimtoi mtu mzima kwenye shaka ya upungufu. Wapo wenye upungufu wa kweli ambao IGF-1 yao bado iko ndani ya mipaka. Na IGF-1 ya chini peke yake haithibitishi, kwa sababu mambo mengi huishusha. Kuna kundi moja tu ambalo IGF-1 ya chini inalitosheleza: mtu mwenye ugonjwa unaojulikana wa pituitari ambaye tayari amepungukiwa na homoni nyingine tatu au zaidi za tezi hiyo. Huyo hana haja ya kuchochewa kwa dawa ili kuthibitisha kilicho dhahiri.

*Yanayokipotosha.* Umri ndio wa kwanza. IGF-1 hupanda sana wakati wa balehe kisha hushuka taratibu maisha yote, kwa hiyo kiwango cha kawaida kwa mtu wa miaka 25 kinaweza kuwa cha juu kwa wa miaka 70. Jibu lisiloambatana na mipaka ya umri halina maana. Maabara nyingi huongeza alama sanifu, yaani jibu liko umbali gani kutoka wastani wa watu wa umri huo. Kati ya −2 na +2 huhesabiwa kawaida, na namba hiyo ni rahisi kuifuatilia kuliko namba ghafi.

Baada ya umri, fuata lishe. Mtu aliyekonda kwa kukosa chakula, mwenye ini lililoharibika, mwenye kisukari kisichodhibitiwa, au ambaye thairoidi yake (tezi ya shingoni) haifanyi kazi vizuri na hajatibiwa, atakuwa na IGF-1 ya chini ingawa pituitari yake ni nzima. Kisha estrojeni. Vidonge vyake hupita kwenye ini kabla ya kufika kwenye damu na hupunguza IGF-1 inayotengenezwa humo. Bandiko la ngozi halina athari hiyo kwa kiasi kile. Kwa hiyo mwanamke anayemeza estrojeni anaweza kuonekana hana akromegali kumbe anayo, na aliye kwenye tiba ya kuongezewa homoni huhitaji dozi kubwa zaidi. Akibadili kutoka kidonge kwenda bandiko, dozi inahitaji kuangaliwa upya. Mambo kama haya karatasi ya maabara haiyajui. Wewe unayajua, kwa hiyo yaseme.

*Usumbufu.* Sindano moja, saa yoyote, si lazima kufunga kula.

*Kinamfaa nani.* Anayeshukiwa akromegali, yeyote aliye kwenye tiba, na yule mwenye homoni nyingi za pituitari zilizopungua.

3. IGFBP-3

*Swali kinalojibu.* Hii ni protini inayobeba sehemu kubwa ya IGF-1 ndani ya damu. Nayo hutawaliwa na homoni ya ukuaji, kwa hiyo kinadharia ingetoa habari ileile. Kwa watu wazima, viwango vya wagonjwa na vya wenye afya huingiliana kiasi kwamba jibu haliamui kitu ambacho IGF-1 haijakiamua.

*Yanayokipotosha.* Karibu yaleyale ya IGF-1.

*Usumbufu.* Mdogo, sampuli ileile.

*Kinamfaa nani.* Watoto zaidi kuliko watu wazima. Kwa mtu mzima ni shahidi wa ziada IGF-1 inapotia shaka. Kikikosekana, usihangaike kukitafuta.

4. Kipimo cha kunywa glukosi

*Swali kinalojibu.* Kuzidi, basi. Sukari ikipanda kwa mtu mwenye afya, pituitari hupunguza homoni ya ukuaji hadi karibu kutoweka. Uvimbe wa akromegali hautii amri hiyo. Kwa hiyo ukimpa mtu glukosi na homoni isishuke, umepata ushahidi kwamba kuna kitu kinachojiendesha chenyewe.

Utaratibu wake ni huu. Unafika asubuhi ukiwa hujala tangu usiku. Muuguzi anakuwekea mpira mdogo kwenye mshipa wa mkono ili usichomwe tena na tena, kisha anachukua sampuli ya kwanza. Unakunywa glukosi gramu 75 iliyoyeyushwa kwenye maji, tamu kiasi cha kukifu, na inafaa kuimaliza ndani ya dakika chache. Damu huchukuliwa tena kila nusu saa hadi saa mbili, huku umekaa umetulia. Kupanda na kushuka ngazi za hospitali kusubiri sampuli inayofuata kunaweza kuipandisha homoni unayotaka kuiona ikishuka. Kinachosomwa ni kiwango cha chini kabisa katika sampuli zote. Mpaka uliozoeleka ni mikrogramu 1 kwa lita; mashine mpya zenye uwezo wa kuona viwango vidogo zimeushusha hadi 0.4, na kwa watu wanene huweza kuwa chini zaidi.

*Yanayokipotosha.* Kisukari kisichodhibitiwa, ugonjwa wa ini na figo, balehe, ujauzito, vidonge vya estrojeni na kukonda kupita kiasi vyote vinaweza kuizuia homoni isishuke ingawa hakuna uvimbe. Mtu ambaye sukari yake tayari iko juu sana hana sababu ya kunyweshwa glukosi. Na kwa aliye kwenye oktreotidi au lanreotidi, kipimo hiki hakisaidii kujua kama tiba inafanya kazi.

*Usumbufu.* Asubuhi nzima na kichefuchefu kidogo kwa baadhi ya watu.

*Kinamfaa nani.* Mwenye IGF-1 iliyo juu kidogo au inayotia shaka. Ambaye IGF-1 yake imevuka mpaka kwa mbali na uso na mikono yake vinaeleza vyenyewe, haongezewi mengi nacho.

5. Vipimo vya kuchochea

*Swali kinalojibu.* Upungufu. Mantiki ni kinyume cha kile cha glukosi: tezi inapewa sababu nzito ya kutoa homoni, kisha tunaangalia imetoa kiasi gani. Viko vitatu vya kuzingatia kwa mtu mzima, na havilingani kwa ugumu.

Cha insulini ndicho cha zamani na ndicho vingine hupimwa dhidi yake. Mwaka 1963 Roth, Glick, Yalow na Berson walionyesha kwamba sukari ikishuka, homoni ya ukuaji hupanda, na kipimo hiki kimesimama juu ya ugunduzi huo. Insulini huingizwa mshipani kulingana na uzito hadi sukari ishuke chini ya milimoli 2.2 kwa lita, yaani miligramu 40 kwa desilita. Mgonjwa anatoka jasho, moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, usingizi unamvuta. Hilo ndilo linalotafutwa: sukari isiposhuka hivyo, kipimo hakijafanyika. Mtu wa kumwangalia hapaswi kuondoka kando ya kitanda, na glukosi ya kuingiza mshipani iwe mezani tayari. Homoni isipopanda kuvuka mpaka, ambao wataalamu huuweka kati ya mikrogramu 3 na 5, upungufu umethibitishwa. Faida yake ya pekee ni kwamba hupima kortisoli, homoni ya msongo, kwa mkupuo huohuo. Haramu yake ni kifafa, ugonjwa wa mishipa ya moyo na ujauzito. Wazee nao huepushwa nacho.

Cha glukagoni ni sindano moja ya msuli na uvumilivu wa saa tatu hadi nne. Hakina hatari ile, ila kichefuchefu na kutapika ni jambo la kawaida, na sukari inaweza kushuka baadaye, kwa hiyo mgonjwa asiondoke bila kula. Mpaka ni mikrogramu 3, lakini kwa mtu mnene hushushwa hadi 1, la sivyo wenye afya wengi watapewa jina la ugonjwa wasiokuwa nao.

Cha makimorelini ni cha kunywa. Marekani iliidhinisha dawa hiyo mwaka 2017. Sampuli nne ndani ya dakika 90, mpaka mikrogramu 2.8, adha ndogo. Kikwazo ni dawa zinazorefusha mapigo ya umeme ya moyo, ambazo hazichanganywi nayo, na ukweli kwamba haipatikani kila nchi.

Klonidini, dawa ya kuchochea inayotumika kwa watoto, iache hukohuko. Kwa watu wazima haichochei vya kutosha kuaminika.

*Yanayokipotosha.* Unene kuliko chochote, kwa kuwa mafuta ya tumboni huinyamazisha hata pituitari isiyo na ugonjwa. Pia kortisoli au thairoidi iliyopungua na haijarekebishwa: hizo hutangulia kutibiwa, kipimo hufuata.

*Usumbufu.* Kutoka mdogo (makimorelini) hadi mkubwa (insulini).

*Kinamfaa nani.* Mwenye sababu ya kweli ya kushuku upungufu: uvimbe wa pituitari, upasuaji au mionzi ya kichwa, jeraha kubwa la ubongo, au upungufu tangu utotoni.

Kabla ya kulinganisha majibu mawili

Maabara mbili zinaweza kuipima damu ileile na kutoa IGF-1 mbili tofauti, zote zikiwa sahihi kwa mashine zake. Ndiyo maana ufuatiliaji unapaswa kubaki maabara moja. Angalia pia vizio vilivyotumika kuandika jibu: nanogramu kwa mililita na mikrogramu kwa lita ni namba ileile, GH iliyoandikwa kwa miliyuniti kwa lita igawanye kwa 3 kupata mikrogramu, IGF-1 iliyoandikwa kwa nanomoli kwa lita izidishe kwa 7.65 kupata nanogramu kwa mililita. Nimeona watu wakishangilia kushuka kwa IGF-1 ambako hakukuwa kushuka, bali maabara nyingine yenye mazoea mengine ya kuandika. Halafu biotini, ile ya vidonge vya nywele na kucha. Ikiwa kwa dozi kubwa huharibu vipimo vinavyoitegemea katika kemia yake, kwa hiyo mwambie mtu wa maabara kabla ya kunyoosha mkono.

Kulingana na hali yako

Viatu na pete vimekubana mwaka hadi mwaka bila wewe kunenepa: anza na IGF-1. Ikiwa juu sana, picha ya MRI ya pituitari inafuata. Ikiwa juu kidogo, glukosi iamue.

Umefanyiwa upasuaji wa akromegali: subiri wiki 12 hivi kabla ya kuiamini IGF-1, maana huchelewa kutulia, kisha isomwe pamoja na GH. Ukipewa pegvisomanti, acha kabisa kuangalia GH. Dawa hiyo huziba mahali homoni inapofanyia kazi. Homoni yenyewe hupanda, na baadhi ya mashine huihesabu dawa kama homoni. IGF-1 peke yake ndiyo inayosema ukweli.

Una ugonjwa wa pituitari na homoni moja au mbili zimepungua: unahitaji kuchochewa. Kijana mwenye moyo mzima ambaye kortisoli yake nayo ina shaka atafaidika na cha insulini. Mwenye kifafa au moyo mgonjwa aende glukagoni, au makimorelini ikiwepo na dawa zake zikiruhusu. Ulitibiwa upungufu utotoni bila chanzo kujulikana: simamisha sindano angalau mwezi mmoja chini ya uangalizi, upimwe upya ukiwa mtu mzima. Wengi wa kundi hilo hukutwa hawana tena upungufu.

Uko kwenye homoni ya kuongezewa: IGF-1 kila mwezi mmoja hadi miwili mpaka dozi itulie, kisha kila miezi 6 hadi 12. Ukitumia sindano ya wiki, kama somapasitani, damu ichukuliwe siku ya tatu au ya nne baada ya sindano na iwe hivyo kila mara. Siku ya kwanza na siku ya saba hutoa picha mbili za mtu mmoja.

Una ujauzito: kondo la nyuma hutengeneza homoni yake ya ukuaji, mashine nyingi haziwezi kuitenga na ya pituitari, na IGF-1 nayo hubadilika. Ufuatiliaji kwa damu hungoja kujifungua, isipokuwa daktari ana sababu maalumu.

Umechoka, kitambi kimeongezeka, na umesikia homoni hii hurudisha ujana: usianze na kipimo chochote kati ya hivi. IGF-1 yako itakuwa ya chini kuliko ulivyokuwa na miaka 20, kama ya kila mtu, na kitambi kitaishusha GH hata ukichochewa. Wingi wa damu, thairoidi, sukari na namna unavyolala vina nafasi kubwa zaidi ya kueleza uchovu huo.

Na kama GH na IGF-1 zako zinapingana, moja juu na nyingine kawaida, usikubali uamuzi wa upasuaji mwingine au dozi mpya siku hiyohiyo. Rudia IGF-1 maabara ileile, taja vidonge vyote unavyomeza, pima ini na sukari, kisha kaa na mtaalamu wa homoni mkiwa na majibu yote mawili mbele yenu.